Majina Manne Kwenye Kadi

Rusimbi, Kigoma
11 Januari 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimemaliza chuo.

Mtihani wa mwisho kila mtu alipewa pampu ya injini ya boti iliyokufa. Tuifungue, tuisafishe, tuipime, tuifunge, na injini iwake. Tulikuwa wavulana kumi na mmoja na mimi. Yangu iliwaka ya kwanza. Ya Gervasi, yule aliyekuwa ananiita sista miaka yote mitatu, ilitoa moshi mpaka mwalimu akakimbilia nje. Sitaki uone najisifu, lakini najisifu.

Sasa sikiliza habari yenyewe. Kibirizi, pale maboti yanapotia nanga, kuna karakana ya mzee mmoja Muha, Mzee Leonardi. Alinunua mashine ya kupimia pampu za dizeli, ikakaa mwaka mzima chini ya turubai kwa sababu hakuna aliyejua kuiendesha. Kuku walikuwa wanatagia juu yake. Alikuja chuoni kutafuta mtu, mwalimu akanionyesha mimi. Niliondoa mayai manne, nikaiwasha siku hiyohiyo. Mzee alikwenda kuniletea chai kwa mkono wake mwenyewe.

Anataka kuniajiri, na atakuwa mdhamini wangu. Hati yangu ya mwanafunzi inakwisha tarehe 31 Machi. Nikitaka kubaki Kigoma lazima nibadilishe, niwe na hati ya kazi, na hati ya kazi haitoki bila mwajiri kusimama mbele ya uhamiaji na kusema huyu mgeni namtaka, na hapa sijapata mwenyeji anayeijua kazi hii. Mzee amekwisha kusema. Fomu nimejaza jana, kurasa sita, kwa wino mweusi. Unajua tangu mwaka jana walipokusanya wageni na kuwapeleka makambini, bila hati huwezi hata kutoka kununua chumvi. Mimi sina wasiwasi. Niliingia nchi hii kwa mlango wa mbele, na pasipoti mkononi, na kwa mlango huohuo nitabaki.

Barua hii anakuletea Filemoni, dereva wa lori la mahindi. Mpe majibu akirudi. Mama Bibiana mwenye nyumba anakusalimu, na mimi nambusu mdogo wangu Merina.

Mwanao,
Carmen


Mtabila, Kasulu
24 Januari 1998

Mwana wanje,

Marahaba. Umeanza kuniandikia shikamoo kama mtu wa Kigoma kabisa, na mimi bado nakuita mwanangu kwa Kirundi chetu. Rumonge ulikuwa unaingia nyumbani ukiuliza chakula kiko wapi.

Barua yako nimeisoma mara mbili kimya, na ya tatu kwa sauti, maana jirani yangu Regina alikuwa mlangoni na shingo imerefuka. Aliuliza pampu ni kitu gani. Nikamwambia ni moyo wa boti. Kama nimekosea usinisahihishe, amekwisha kuwaambia watu wote wa mtaa. Merina yeye anasema akimaliza shule atakuwa fundi wa ndege, kwa sababu boti umekwisha kuchukua wewe.

Nimefurahi, Carmen. Nakwambia wazi, nilikaa nje nikafurahi peke yangu, na mimi si mtu wa kukaa nje bila kazi. Baba yako angekuwepo angekunywa siku mbili na kusema ni kwa ajili yako.

Hilo la mlango wa mbele nimelisoma. Sisi tuliingia kwa mlango wa Kagunga, tukiwa tumelowa mpaka kiunoni, na wenyeji walitupokea vizuri. Mlango ni mlango.

Halafu nauliza. Hayo makaratasi uliyojaza, yanabaki hapo Kigoma, ama yanapelekwa kulinganishwa na ya huku makambini? Nauliza tu. Posho inatutosha, usihangaike kutuma kitu.

Mama yako,
Astérie


Rusimbi
8 Februari 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kumetokea kikwazo kidogo, lakini ni cha karani, na cha karani kinatengenezeka.

Juzi niliitwa uhamiaji. Afisa anaitwa Telesphory, mtu mpole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Aliniuliza maswali ya familia, nikamjibu. Kisha akavuta kitabu kinene cha majina ya makambi, akaweka kidole, akasoma: Carmen Niyokwizera, mwanamke, mzaliwa wa Rumonge, yupo Mtabila. Akaniangalia. Nikamwambia mimi nipo Rusimbi, na mbele yako. Akasema, "Binti, karatasi hii inasema wewe ni mkimbizi na unakula posho Kasulu. Mtu wa kambi mahali pake ni kambini. Siwezi kumpa hati ya kazi mtu aliye mahali pawili."

Hakunifokea. Anataka barua moja tu kutoka ofisi ya kambi, yenye muhuri, inayosema huyo Carmen wa kwenye kitabu si mimi, au kwamba ameandikwa kwa makosa na sasa amefutwa. Barua hiyo ifike kabla ya tarehe 31 Machi. Ikifika baada ya hapo hati ya mwanafunzi itakuwa imekufa, na nitakuwa mgeni asiye na karatasi. Watanipeleka kambini au watanirudisha ng'ambo, wao ndio watachagua.

Wewe upo hapohapo, Mama. Nenda ofisini kesho asubuhi, waambie binti yako yuko Kigoma tangu mwaka tisini na tano na hajawahi kulala Mtabila hata siku moja. Ni kazi ya nusu saa. Wakati unasubiri foleni wasimulie habari za Gervasi na moshi wake.

Mwanao,
Carmen


Mtabila
20 Februari 1998

Mwana wanje,

Marahaba. Mvua imenyesha wiki nzima. Maharage niliyopanda nyuma ya nyumba yametoka vizuri kuliko ya Regina, na hasemi, lakini nimemwona anayahesabu. Merina amekuwa wa tatu darasani. Kiatu chake cha kulia kimefumuka, nimekishona kwa uzi wa gunia, na nadhani kitafika Pasaka.

Kuhusu hilo la ofisi, karani mkubwa amesafiri. Wengine hawajui lini atarudi. Na majina yanafanana sana, wako akina Niyokwizera wengi, hata huko chini kwenye bomba kuna mmoja ana mbuzi. Usiwe na haraka. Wewe fanya kazi yako, mambo ya makaratasi yanapoa yenyewe.

Kula vizuri. Usilale na nguo zenye mafuta ya dizeli, utapata kikohozi.

Mama yako,
Astérie


Rusimbi
1 Machi 1998

Mama,

Shikamoo. Huyo mwenye mbuzi namwachia mbuzi wake.

Nilirudi kwa afisa Telesphory, nikamwomba anionyeshe ukurasa wenyewe. Alisita, kisha akaugeuza kitabu upande wangu. Nimesoma kwa macho yangu. Juu ya kadi: Astérie. Chini yake: Nizigama. Carmen. Merina. Kwa mpangilio tuliozaliwa, na mwaka wangu wa kuzaliwa umekosewa kama unavyoukosea wewe siku zote. Hilo si kosa la karani. Ni wewe uliyeniandikisha. Umejua tangu barua ya kwanza, ndiyo maana ulikuwa "unauliza tu". Mtu haulizagi tu.

Nilikuwa na hasira, Mama, na bado ninayo. Kwa sababu ya mstari huo mmoja siruhusiwi kugusa kazi mpaka hati itoke. Mashine imerudi chini ya turubai. Watu wa Kagunga wameleta pampu tatu, zimewekwa sakafuni, na mimi nakaa kwenye benchi nazitazama kama mgonjwa anavyotazama ugali.

Lakini hasira yangu iliishia njiani, kwa sababu ya jina lililo juu ya langu. Nizigama yupo? Amefika lini? Mwaka mmoja na miezi minne nimekuwa nikiuliza kila boti inayotoka upande wa nyumbani, na wewe unajua nauliza, na kumbe kaka yangu yuko Mtabila anakula posho? Mbona hukuniambia? Nilitoka uhamiaji nikakaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu mpaka askari akaja kuniuliza kama mimi ni mzima. Nizigama ni mgonjwa? Amekukataza usiniandikie? Mwambie nimemsamehe kila kitu, hata ile redio aliyonivunjia.

Nenda ofisini, Mama. Na yeye mwambie aniandikie mstari mmoja, hata wa matusi.

Carmen


Mtabila
9 Machi 1998

Carmen, mwana wanje,

Nizigama hayupo.

Nimekaa na barua yako siku tatu nikitafuta njia ya kuliandika hilo lisionekane kubwa, nikaikosa. Hayupo hapa. Hajawahi kufika. Nisamehe zile ngazi za uhamiaji, na kicheko chako.

Ngoja nikueleze kama ilivyokuwa. Tulipofika Kagunga, Oktoba ile tuliyokimbia vita, watu walikuwa wamejaa ufukweni mpaka hakuna pa kuweka mguu. Karani alikuwa amekaa juu ya debe, na daftari kwenye magoti. Akaniuliza, "Mama, watoto wako?" Hakuuliza wako wapi. Aliuliza watoto wako. Unajua kwetu ilivyo. Bibi yako alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha yeye: mama akiulizwa watoto anawataja wote, kuanzia wa kwanza, na harukwi aliye hai. Anayemruka mtoto aliye hai amemwita maiti kwa mdomo wake. Nizigama nilikuwa nimemwacha asubuhi ileile Rumonge akinisukumia mtumbwi, akasema atakuja na wa pili. Ningemrukaje? Nikasema Nizigama. Nikasema Carmen. Nikasema Merina. Karani akaandika, akaita mwingine. Kila jina likawa na posho.

Mtumbwi wa pili haukuja. Unajua.

Kisha wakaanza kutuhesabu kwa macho, kila mtu asimame mbele ya kadi yake. Hapo ndipo nilipofanya la aibu. Regina ana watoto saba, niliwaazima wawili. Mkubwa alisimama akaitwa Nizigama, akaitika. Binti yake aliitwa Carmen, akaitika, tena kwa sauti kubwa kukuzidi. Mara mbili nimefanya hivyo. Unga wa majina hayo mawili sehemu nimekula na Merina, na sehemu tumegawana na watoto hao waliosimama. Sikusema uongo wa kufurahia. Lakini ni uongo.

Sasa unaniambia niende kukufuta. Wewe ningekufuta kesho, Carmen, najua uko wapi, najua unakula nini. Lakini karani hawezi kufuta mmoja bila kuwaita wote waliobaki. Atasema, leta Nizigama nimwone. Nimwonyeshe nani? Nikileta mtoto wa Regina nimesema uongo mwingine. Nikisema hayupo, atapiga mstari. Na mimi bado sijaweza kuona mstari juu ya jina lake. Nikipokea posho karani anayasoma majina, anasema Nizigama, nami naitika ndiyo, na siku hiyo inapita vizuri.

Hiyo ndiyo sababu yote. Sina nyingine. Usinichukie.

Mama


Rusimbi
15 Machi 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sikuchukii. Nilitoka nikatembea mpaka Kasingirima na kurudi, na nikiwa njiani nikaamua. Ukishanisoma tulia, usibishane.

Acha kadi kama ilivyo. Usiende ofisini. Usimwache mtu yeyote apige mstari kwa ajili yangu. Nitakuja mwenyewe. Tarehe 30 Machi nitapanda lori la Filemoni, nishuke Mtabila, nisimame mbele ya kadi yako, wakiita Carmen niitike mimi, na mtoto wa Regina apumzike. Kitabu kitakuwa na kweli moja zaidi.

Usifikiri nakuja kufa. Huko kuna pampu za maji, kuna jenereta la zahanati, kuna malori. Wiki ya pili watakuwa wanaulizana yule fundi mwanamke anakaa mtaa gani. Mimi popote utakaponiweka nitapata kitu kibovu cha kutengeneza. Mzee Leonardi nitamwambia kesho. Atapata mtu.

Tayarisha mahali pa kulala. Upande wa ukuta, Merina anapiga mateke.

Carmen


Kibirizi, Kigoma
17 Machi 1998

Kwako Mama Astérie,

Salamu nyingi. Mimi ni Leonardi, mwenye karakana ambayo binti yako amekuwa akikutajia. Hatujaonana. Barua hii naiandika bila yeye kujua, na nimempa Filemoni pamoja na ile yake, ili uzisome zote mbili kwa siku moja.

Mama, mimi si msemaji. Nina miaka sitini na mitatu, nimefanya kazi na mafundi tangu enzi za Mwingereza, na wenye mkono kama wa huyu mtoto nimewaona wawili, mmoja amekufa. Jana alikuja kuniaga. Ameniambia atakwenda kambini kwa hiari yake. Nilimuuliza sababu, akanieleza habari ya kaka yake, akiwa amenyooka na macho makavu. Kisha akaenda nyuma ya karakana, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alikuwa amepanga spana zangu zote kwa ukubwa. Zilikuwa hazijapangwa miaka tisa.

Kuna jambo amekuficha, nami nakueleza kwa sababu mzazi hawezi kuamua akiwa gizani. Ile fomu ya kwanza ina mahali pa kuandika wazazi na ndugu. Yeye aliandika: hakuna. Mwenye nyumba wake alimshauri kwamba akitaja watu wa kambini watamshuku. Baada ya kukuta kadi yako, afisa Telesphory alimwambia hivi siku moja, nilikuwepo: "Wewe umeandika huna mtu. Mama yako ameandika anaye mpaka asiyekuwepo. Nani kati yenu mwongo?" Kwa hiyo kikwazo kina pande mbili, Mama, na upande mmoja ni wake. Wewe amekulaumu, lakini la kwake limemshinda kulisema.

Nimezungumza na afisa. Si mtu mbaya. Amesema barua ya kambi ikiwa mezani kwake kabla ya tarehe 31, fomu ile ataichana, binti atajaza mpya iliyo ya kweli, na mimi nitasaini upya. Bila barua hawezi kitu, na mimi siwezi kitu.

Mimi pia nina mtoto aliyekwenda ziwani na hakurudi, Bonaventura, mwaka wa themanini na nne. Sina la kukufundisha. Nakuambia tu kwamba mashine yangu nimeiacha wazi, bila turubai, mpaka tarehe hiyo.

Wako katika heshima,
Leonardi


Mtabila
24 Machi 1998

Mwana wanje,

Usipande lori. Bahasha iliyo ndani ya bahasha hii usiifungue, ni ya afisa Telesphory, ina muhuri. Nilikwenda jana.

Barua zenu mbili nilisoma yako kwanza, kisha ya mzee. Nilipofika pale palipoandikwa "hakuna" nilikunja karatasi, nikaenda kupalilia maharage. Nimepalilia mpaka ya Regina. Sitakudanganya kwamba haikuniuma, Carmen, iliniuma kweli. Mimi nimeandika hata asiyekuwepo, wewe umefuta hata tuliopo. Nikakukasirikia mpaka jua likawa kali. Halafu nikafikiri, huyu ni mtoto wangu kabisa. Tulikuwa tunaogopa kitu kilekile, kila mtu akajificha upande wake. Imekwisha, sitairudia. Nikiirudia unikumbushe barua hii.

Ofisini nilisimama foleni tangu asubuhi. Karani ni dada mmoja wa hapahapa Kasulu, mwenye sauti ya chini. Nilimwambia nimekuja kusema kweli, akaacha kuandika. Nikamweleza kuhusu siku za kuhesabiwa. Akauliza ni watoto wa nani waliosimama. Nikamwambia ni watoto wa watu, na watu wenyewe nimewasahau. Akaniangalia sana. Akaandika kwamba posho yetu itakatwa kwa muda, nikasema ni haki.

Akauliza, "Carmen yuko wapi?" Nikasema yuko Kigoma, ni fundi wa pampu za dizeli, ana mwajiri. Nilisema kwa sauti ili na walio nyuma yangu wasikie. Akapiga mstari. Haukuniuma hata kidogo. Nilikuwa kama namtuma mtu sokoni.

Akauliza, "Nizigama yuko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema amefuata kazi, amekwenda kwa shangazi. Nikafungua mdomo, likatoka jingine. Nikasema, sijui. Ni mara ya kwanza nimelitamka. Nilishika meza.

Karani hakupiga mstari. Alisema, "Mama, kama hujui alipo, mbona umemweka kwenye watu waliopo? Hapa hakuna anayemtafuta. Kwenye kitabu hiki amepatikana." Nimekaa na neno hilo tangu jana. Mwaka mmoja na nusu kaka yako ameandikwa amefika, kwa hiyo hakuna mtu duniani aliyekuwa na kazi ya kumtafuta. Mimi ndiye niliyewazuia, Carmen, kwa kuitika.

Akavuta fomu nyingine, ya watu wanaotafutwa na ndugu zao. Akaniuliza kimo. Nguo aliyovaa. Alama. Nikasema shati la mistari ya kijani, kovu kwenye goti la kushoto, na akitembea anapiga mluzi hata kanisani. Akaandika yote, hata mluzi. Jina lake likaenda huko, zima, halina mstari. Ndipo akaandika barua yako.

Kadi mpya ina majina mawili, mimi na Merina. Ni fupi, nimeisoma imekwisha kabla sijaanza. Lakini siku ya kuhesabiwa sitaazima mtu.

Nenda ukafungue mashine ya mzee. Mwambie nimeisoma barua yake na kwamba jina la Bonaventura nimelitaja kwenye sala, pamoja na majina ya kwetu.

Mama yako,
Astérie


Kibirizi
16 Juni 1998

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naandikia juu ya benchi la karakana, usishangae madoa.

Bahasha yako nilimpelekea afisa Telesphory tarehe 28 Machi, siku tatu kabla. Aliichana fomu ya zamani vipande vinne mbele yangu, kama alivyoahidi, akanipa barua ya kukaa nikisubiri, na faili likaenda Dar es Salaam. Miezi miwili na nusu nimekaa karakanani nikimwelekeza Mzee kwa mdomo, bila kugusa, maana sheria ni sheria. Amejifunza kupima nozeli, zile ncha za kupulizia mafuta. Kwa umri wake anajitahidi, nimemwambia hivyo, akanifukuza nje.

Hati imetoka jana. Imeandikwa hati ya kazi, miaka miwili, jina la mwajiri, Leonardi, na kazi yangu: fundi wa pampu za dizeli. Niliisomea pale dirishani, nikarudi Kibirizi kwa miguu, nikaondoa turubai mwenyewe, ingawa Mzee alikuandikia kwamba halipo. Alikuwa amelirudisha kwa sababu ya mvua za Aprili. Mpaka jioni nimemaliza pampu tano za Kagunga, zile tatu na mbili zilizofuata. Zote zimewaka, na wenyewe wamezichukua.

Sasa lile lililonishinda kulisema. Niliandika hakuna. Niliandika kwa wino mweusi, kwa mwandiko mzuri, kisha nikakuandikia wewe barua ya majigambo siku ya pili yake. Niliona aibu ya kambi, Mama, ndiyo kweli, na nikaiita akili. Ulipalilia maharage mpaka ya jirani kwa ajili yangu. Nimekosa, naomba unisamehe.

Fomu mpya ina mistari mitatu tu ya wazazi na ndugu. Nilijaza mbele ya afisa. Astérie, mama, Mtabila. Merina, mdogo, Mtabila. Mstari wa tatu nikaandika Nizigama, kaka. Kwenye makazi nikaandika: anatafutwa.

Afisa Telesphory alisogeza miwani yake ya uzi akasoma. Akasema, "Binti, huyu unaweza kumwacha. Hatakuzuia kitu asipokuwepo hapa."

Nikamwambia, "Umeniuliza ndugu zangu. Kwetu haturuki mtu."

Akapiga muhuri.

Dagaa ziko kwenye mfuko wa bluu, viatu vya Merina viko chini yake. Vile vya pili, vya kike, vikubwa kidogo, ni vya binti wa Regina. Mwambie vinatoka kwa Carmen mwenyewe.

Mwanao,
Carmen Niyokwizera